Kikombe cha Mzee Tajdin

Unionville,
13 Januari 2025

Kwa Bi Benedicta Haule,
Mkahawa wa Mshindo, Crescent Town, Ontario

Bi Benedicta,

Salamu. Ningeweza kukupigia simu, lakini mkataba wetu unasema kuwa kila onyo litatolewa kwa maandishi, nami nina desturi ya kufuata nilichotia sahihi. Mkataba uliandikwa na wakili kwa Kiingereza. Maonyo nayaandika mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye meza ya pembeni katika mkahawa unaouendesha kwa jina langu, nikaletewa chai. Haikuwa chai ya Mshindo. Tangawizi ilikuwa ya kubahatisha. Iliki ilikuwa kidogo mno. Pilipili manga sikuisikia kabisa. Nilikupa jina la mtaa ambako baba yangu alifungua duka lake la chai huko Iringa, na pamoja na jina nilikupa mapishi. Viwili hivi haviachani. Mteja aliyekunywa chai yetu katika tawi la Thornhill akiingia Crescent Town anatazamia chai ile ile, na ana haki ya kuipata.

Mwendeshaji anayepunguza viungo bila ruhusa ama anabana matumizi, ama anadhani anajua zaidi. Sijui wewe ni yupi kati ya hao. Nataka maelezo.

Nakukumbusha kuwa mkataba unakwisha tarehe 30 Juni. Kuuhuisha ni hiari yangu. Nisipouhuisha, hutaruhusiwa kuuza chai wala mishikaki mahali popote jirani na hapo kwa muda wa miaka miwili. Hayo uliyasoma kabla ya kutia sahihi, maana nilikuwa nimekaa mbele yako.

Wako,
Tajdin Jiwa

*

Crescent Town,
20 Januari 2025

Shikamoo Mzee Tajdin,

Barua yako nimeipokea. Kuhusu chai, kosa ni langu. Nimeanza kupika tena kama ulivyonifundisha, na ukija Jumamosi utaona tofauti. Naomba unisamehe.

Nina swali moja, mzee, na naomba usilichukulie vibaya. Mpishi wangu Gakii aliniambia wiki hii kuwa mwanao Riaz amemwita akitaka kumpa kazi ya kuwa mpishi mkuu katika sehemu mpya hapa hapa kwenye barabara ya Danforth, si mbali na stesheni ya Victoria Park. Mimi nilimwambia haiwezekani. Mkataba unanipa eneo lote la mashariki ya mto Don, na mzee hawezi kufungua mkahawa mwingine mlangoni kwangu bila kuniambia. Gakii akacheka, akasema, "Mama Gift, wewe unaamini watu kama unavyoamini utabiri wa hali ya hewa."

Nauliza kwa sababu ya pili pia. Ile hospitali nilikokuwa nikifanya kazi jikoni kabla ya kuja kwako wamenipigia. Wananitaka nirudi, nafasi ya msimamizi, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Binti yangu Gift anaingia chuo mwaka huu. Kama kuna mkahawa mwingine unakuja, ni heri nijue sasa.

Wasalimie nyumbani, hasa Mama Zebunissa.

Ni mimi,
Benedicta

*

Unionville,
27 Januari 2025

Bi Benedicta,

Swali lako kwanza. Hakuna mkahawa mwingine wa Mshindo utakaofunguliwa ndani ya eneo lako. Fanya uamuzi wako kuhusu hospitali ukijua hivyo.

Kuhusu chai, umekiri kosa lakini hukueleza sababu. Nilitaka maelezo, si msamaha. Mtu anayeomba radhi haraka namna hiyo huwa ana jambo ambalo hataki liulizwe. Jambo hili litakuwa mbele yangu nitakapofikiria kuuhuisha mkataba.

Wako,
Tajdin Jiwa

*

Crescent Town,
10 Februari 2025

Shikamoo Mama Zebunissa,

Natumaini theluji haijakufungia ndani. Huku kwetu lifti ya jengo letu imeharibika tena, na wateja wa ghorofa za juu wanashuka kwa ngazi kufuata mishikaki. Wakifika wana njaa maradufu, kwa hiyo silalamiki.

Mama, nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kukunja sambusa wakati naanza, na ulinikaripia bila kunidharau. Nina jambo ambalo siwezi kumwandikia mzee.

Unajua ile kanuni yake ya kikombe. Siku ya kwanza ya mafunzo alituambia sisi waendeshaji wote: "Mimi sisemi sana. Nikimaliza chai, mkahawa ni mzima. Nikiiacha, tafuteni kosa lenu wenyewe." Na ndivyo alivyofanya miaka yote. Anakuja Jumamosi, anakaa pembeni, anakunywa, anaondoka. Akiondoka tu, mimi na Gakii tunakimbilia kikombe. Kikiwa kitupu, tunapumua.

Tangu mwezi wa tisa anaacha nusu.

Mara ya kwanza nilisema labda alikuwa na haraka. Mara ya pili nikaosha masufuria yote upya. Mara ya tatu nikafikiri tangawizi inamkereketa koo, nikaipunguza. Akaacha nusu. Nikapunguza iliki. Akaacha zaidi ya nusu. Mwishoni nikaondoa pilipili manga. Wateja wakaanza kuuliza chai imepatwa na nini. Gakii akanishika mkono jikoni, akasema, "Mama Gift, unapikia watu wote hawa ama unapikia mzee mmoja? Si umuulize tu?" Nikamwambia kwetu Songea mzee haulizwi kwa nini hakumaliza alichoandaliwa. Mwenye nyumba ndiye anayejichunguza.

Halafu ikaja barua ya onyo kwamba nimeharibu chai.

Sasa nimerudia mapishi yake yaleyale, na Jumamosi hii ameacha nusu tena. Mama, nimekosea wapi tena? Nikimweleza kuwa nilibadilisha chai kwa ajili yake, itakuwa kama namwambia kosa ni lake. Nikinyamaza, anadhani nabana tangawizi. Kama kuna kitu ninachokifanya kinachomuudhi, niambie wewe. Hospitali nimeshawakatalia. Sina pa kurudi.

Mwanao,
Benedicta

*

Crescent Town,
17 Machi 2025

Mzee Tajdin, shikamoo.

Jana baada ya misa Gakii alinishika mkono, akaniambia, "Njoo ujionee, halafu uniite mwongo." Tukatembea Danforth, hatukufika hata mbali. Nyuma ya duka la matairi kuna jiko. Halina meza wala viti. Mlangoni pameandikwa "Mkaa na Moto". Watu wanaagiza kwa simu, na vijana wa baiskeli wanakuja kubeba. Riaz alikuwa ndani. Alinisalimia vizuri. Nilipoangalia sakafuni niliona makasha ya nyama yenye utepe wa kijani wa jiko kuu la Unionville, ule ule unaofunga makasha yangu. Mishikaki yangu, viungo vyako, majirani zangu.

Nilirudi nyumbani nikaisoma tena barua yako ya Januari. Uliandika kwamba hakuna mkahawa mwingine wa Mshindo utakaofunguliwa. Ni kweli. Kile si mkahawa, kwa kuwa hakina meza. Wala si cha Mshindo, kwa kuwa kina jina jingine. Hakuna neno hata moja katika jibu lako ambalo ni la uongo, na mimi nililiamini lote. Nilimwambia Gakii aache umbea. Niliwapigia hospitali nikawaambia hapana.

Ulijua nilichokuwa nauliza, mzee. Nilikueleza na sababu ya kuuliza.

Sijasomea sheria, lakini katika parokia yetu kuna mwanasheria, Zephania, nami nilimuuliza. Alisema sheria ya Ontario inazitaka pande zote mbili za mkataba kama wetu zitendeane kwa haki, hata pale ambapo karatasi imenyamaza. Nikamuuliza hiyo maana yake ni nini. Akasema, "Maana yake ni kwamba ukiwa na ruhusa ya kufanya jambo, bado unamfikiria mwenzako unapolifanya."

Sitaki kwenda mahakamani. Nataka kujua tu kama ninaendesha mkahawa wako au ninakutunzia mahali mpaka Riaz awe tayari.

Benedicta Haule

*

Unionville,
24 Machi 2025

Bi Benedicta,

Barua yako ina joto ambalo sitalijibu.

Mkataba unakulinda dhidi ya mkahawa mwingine wenye jina la Mshindo. Haukulindi dhidi ya biashara nyingine, hata ikiwa ni ya mwanangu, hata ikiwa inanunua nyama kwangu. Hayo yalikuwa wazi ulipotia sahihi, na ulikuwa na wakili.

Umeleta habari ya kutendeana kwa haki. Vizuri. Mwanasheria wako alikuambia kuwa ni wajibu wa pande zote mbili. Naona umeandika maneno hayo, kisha ukayapita. Ulibadilisha chai yangu kwa muda wa miezi, kimya kimya, chini ya jina langu. Nilipokuuliza sababu, ukaomba radhi na kuficha. Kama unataka nia njema kwangu, nionyeshe ya kwako. Mpaka leo sijapata maelezo niliyoyaomba mwezi wa kwanza.

Nitatoa uamuzi wa kuhuisha mkataba kabla ya mwisho wa Aprili. Usiutegemee.

Tajdin Jiwa

*

Jikoni,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Baba Riaz,

Nakuandikia kutoka jikoni, na wewe uko sebuleni hapo unasoma gazeti. Usishangae. Nimekuambia jambo hili kwa mdomo tangu Februari, nawe unasema biashara haizungumzwi wakati wa chakula. Basi nimeliandika, kwa sababu kwako wewe jambo lisiloandikwa halipo.

Chini ya sahani yako kuna barua ya Benedicta. Aliniandikia mimi, si wewe, na nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu uliniapisha nisimwambie mtu yeyote kuhusu ugonjwa wako wa sukari. Sijamwambia. Nilimnyamazia mtoto wa watu aliyeniuliza kosa lake liko wapi, na kila nikiiona bahasha yake kwenye droo nasikia aibu. Kiapo chako nakirudisha. Kibebe mwenyewe.

Isome yote. Ukifika mahali anaposema ameondoa pilipili manga, simama kidogo.

Daktari alikuambia upunguze sukari mwezi wa tisa. Chai yenu inachemshwa na sukari ndani ya sufuria, huwezi kuitenga. Ungeweza kusema, "Bi Benedicta, mimi sasa sinywi sukari." Hayo yangekumaliza? Lakini hapana. Mzee Tajdin haumwi. Mzee Tajdin anakunywa nusu, anafuta masharubu, anaondoka, na huku nyuma mwanamke anapunguza tangawizi kidogo kidogo akijaribu kukisia unachotaka. Kanuni ya kikombe uliitunga wewe. Yeye aliifuata. Kisha ukamwandikia kwamba anabana matumizi.

Umemficha ugonjwa. Umemficha jiko la Riaz, ambalo nilikuwepo hapa mezani mkilipanga, na nikakuuliza, "Benedicta anajua?" ukanijibu kuwa mkataba hausemi ajulishwe. Halafu unamtaka yeye asikufiche chai.

Uji wako uko mezani. Hauna sukari. Usinijibu kwa barua.

Zebunissa

*

Unionville,
9 Aprili 2025

Bi Benedicta,

Mke wangu amenipa barua uliyomwandikia Februari. Usimlaumu. Amefanya alilopaswa kufanya, ingawa kwa njia ambayo sitaisahau.

Tangu Septemba napunguza sukari kwa amri ya daktari, ndiyo maana nilikuwa naacha nusu. Nilinyamaza kwa sababu wenye mikahawa wakisikia kuwa mwenye jina ni mgonjwa, huanza kuulizana nani atafuata. Hiyo ndiyo sababu. Sikuandiki haya ili unihurumie. Chai yako ya Septemba haikuwa na kasoro yoyote. Maelezo niliyokuwa nakudai wewe, nilikuwa nayo mimi.

Jana jioni nilizungumza na Riaz. Nilimwambia kuwa oda zote zinazotoka mashariki ya mto Don zitapelekwa mkahawani kwako, na jiko lake litahudumia magharibi tu. Alinijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya vijana wetu wakikasirika. Maana yake ilikuwa kwamba mkataba unamruhusu. Nilimwambia kuwa hakuna mkataba wowote unaonilazimisha mimi kumuuzia yeye nyama. Akakaa chini. Tukaanza upya, mara hii kwa sauti ya chini. Amelikodi lile jiko kwa miaka mitatu, kwa hiyo halifungwi. Litaendelea kuwapo Danforth, na utalipita kila siku. Hilo siwezi kuliondoa, nami sitajifanya kuwa naweza.

Mkataba wako nauhuisha kwa miaka mitano. Nimemwagiza wakili aongeze mambo mawili. La kwanza, mimi au yeyote wa nyumba yangu akitaka kuuza chakula cha aina yetu ndani ya eneo lako, kwa jina lolote, kwa meza au bila meza, utaarifiwa kwa maandishi kabla ya chochote kukodiwa. La pili, kanuni ya kikombe imefutwa. Nikiwa na kasoro ya kusema, nitaisema, na mwendeshaji ana haki ya kuniuliza.

Onyo la Januari silifuti. Ulibadilisha mapishi bila ruhusa, na ulipoulizwa sababu hukuisema. Sababu hiyo sasa nimeiandika chini ya onyo, kwa mkono wangu, ili atakayelisoma baadaye alisome zima.

Kuhusu ile kazi ya hospitali, niliandika sentensi iliyokufanya uikatae. Nilijua unachouliza. Nilichagua maneno.

Wako,
Tajdin Jiwa

*

Crescent Town,
14 Aprili 2025

Shikamoo Mzee Tajdin,

Pole kwa ugonjwa. Ungeniambia Septemba ningekupa pole Septemba.

Mkataba nimeusoma na Zephania, nimetia sahihi, na umo ndani ya bahasha hii. Onyo langu nimelipokea, nami nakubali libaki. Ni kweli nilinyamaza. Nilidhani ni heshima, na labda ilikuwa heshima, lakini wateja walikunywa chai mbaya kwa sababu yake.

Katika bahasha hii utakuta karatasi ya pili. Ni onyo langu kwako. Nimeandika tarehe, nilichouliza, ulichonijibu, na nilichopoteza kwa kuliamini jibu lile. Nimefuata mtindo wa barua zako kwa sababu sikuwa na mwalimu mwingine. Naomba uliweke katika faili lilelile, juu ya langu au chini yake, utakavyoona wewe. Ukitaka kuandika sababu chini yake kwa mkono wako, nafasi nimeiacha.

Gakii amekwenda kufanya kazi kwa Riaz. Aliniaga mapema, akaniambia mshahara atakaopewa, akanitafutia na mtu wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo sina neno naye. Tukikutana Danforth tunasimama na kucheka. Ananiambia kule hakuna mtu wa kuogopa kikombe chake.

Gift amesoma barua yako ya mwisho. Kiswahili anakielewa, hajibu tu. Aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza, kwa Kiingereza, kama huwa unaongea hivyo hivyo. Nikamwambia aje Jumamosi aone.

Nimenunua sufuria ndogo. Imekaa kwenye jiko la nyuma na haichanganywi na nyingine. Ndani yake naweka maziwa, majani, tangawizi yote, iliki yote na pilipili manga yote, bila sukari. Mama Zebunissa ameionja juzi akasema inafaa, ingawa alikunja uso kidogo.

Meza ya pembeni iko wazi. Ukikiacha kikombe nusu, nitakuja kukuuliza.

Ni mimi,
Benedicta